IMANI YA KIKRISTO NA SIASA YA WANYONGE

Utangulizi

Katika madarasa ya itikadi na katika vikao vya matawi swali moja hurudi mara kwa mara: Je, Mkristo anapoingia katika siasa, imani yake aiache mlangoni au aingie nayo? Swali hili huulizwa na vijana wa vyuo, huulizwa na makada wanaofanya kazi mahali ambapo parokia au usharika una nguvu kuliko tawi la Chama, na huulizwa na waumini wenyewe. Katika makala hii tutajaribu kulijibu kwa kutazama jinsi imani hiyo ilivyofanya kazi katika historia ya nchi yetu na ya majirani zetu wa kusini.

Yapo mawazo mawili potofu ambayo hapana budi tuyaondoe kwanza. Wazo la kwanza ni lile linalosema kwamba dini ni mambo ya mbinguni na siasa ni mambo ya duniani, kwa hiyo Mkristo mwema ni yule anayesali, anayelipa kodi na kunyamaza. Wazo la pili ni lile linalodai kwamba dini ina jibu la kila suala la utawala, kwa hiyo kiongozi wa dini ndiye awaambie waumini bei ya pamba iwe ngapi na diwani awe nani. Wazo la kwanza linawafaa wanyonyaji, maana mnyonge aliyefundishwa kungojea haki baada ya kufa hatawasumbua akiwa hai. Wazo la pili linavunja umoja wa Taifa, maana katika nchi yenye Waislamu, Wakristo na wafuasi wa dini za jadi, sera inayotetewa kwa Maandiko ya kundi moja haiwezi kuwa sera ya wote.

Msimamo wetu ni huu: imani humpa mwananchi kipimo cha kupimia siasa na moyo wa kuitumikia, lakini haimpi sera iliyokwisha kuandikwa. Na kipimo hicho, ili kiwe cha kweli, hakina budi kutumika hata juu ya siasa ile tunayoipenda.

Imani Moja, Siasa Mbili

Mwaka 1948 chama cha Makaburu kilishika madaraka Afrika Kusini na kuanza kuugeuza ubaguzi wa rangi kuwa sheria za nchi. Waziri Mkuu wake, D. F. Malan, alikuwa mchungaji aliyewekewa mikono wa kanisa kubwa la Makaburu, na wanateolojia wa kanisa hilo walitafuta katika Biblia hoja za kuonyesha kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyeyatenga mataifa. Katika nchi hiyohiyo, mwaka 1952, Albert Luthuli alichaguliwa kuwa Rais wa ANC. Yeye naye alikuwa Mkristo na mhubiri. Aliposhurutishwa na serikali kuchagua kati ya uchifu wake na harakati za watu wake, alikubali kuvuliwa uchifu.

Biblia ilikuwa moja, lakini siasa zilikuwa mbili zenye uadui. Hapa tunapata somo la kwanza: kusema tu kwamba mtu anaongozwa na imani hakutuambii lolote kuhusu siasa yake. Lazima tuulize imani hiyo imesimama upande wa nani, inalinda mali ya nani, na nani anayevuja jasho ili wengine waishi vizuri.

Msumbiji ilionyesha jambo hilohilo. Kwa mapatano ya mwaka 1940 kati ya Vatikani na Ureno, Kanisa Katoliki katika makoloni lilifungamanishwa na serikali ya kikoloni. Kwa miaka mingi maaskofu wengi wa Msumbiji waliuona utawala wa Kireno kuwa sehemu ya kazi ya kueneza Injili. Lakini ndani ya Kanisa hilohilo watu walianza kukataa. Tarehe 1 Julai, 1970, Papa Paulo VI aliwapokea viongozi watatu wa ukombozi: Amílcar Cabral wa PAIGC, Agostinho Neto wa MPLA na Marcelino dos Santos wa FRELIMO. Serikali ya Ureno ilighadhibika. Mwaka 1971 Mapadri Weupe waliondoka Msumbiji kwa sababu hawakutaka kuendelea kuonekana kama washiriki wa ukoloni. Na majeshi ya Kireno yalipoua wanavijiji wa Wiriyamu mwezi Desemba, 1972, habari hizo zilikusanywa na mapadri, na mwaka 1973 zikatangazwa ulimwenguni na padri Adrian Hastings katika gazeti la London.

Nchi yetu haikuwa mtazamaji tu. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Tena ni Dar es Salaam hapahapa, mwezi Juni, 1977, ambapo Mkutano Mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani ulitamka kwamba kuupinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni suala la kuungama imani yenyewe. Maana yake ni kwamba kanisa linalokubali ubaguzi huo haliwezi kusema kwamba limetofautiana na wenzake katika siasa tu, limeikana imani. Mkutano huohuo ulimchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa Rais wa Fungamano, Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho.

Azimio la Arusha na Kanisa

Azimio la Arusha lilipotangazwa tarehe 5 Februari, 1967, Wakristo wengi waliingiwa na hofu. Walikuwa wamefundishwa kwamba ujamaa na kumkana Mungu ni kitu kimoja. Hofu hiyo ilikuwa na chimbuko lake: Waraka wa Papa Leo XIII wa mwaka 1891 ulitetea haki ya mfanyakazi kupata ujira wa kutosha, lakini papo hapo ulilaani usoshalisti na kutetea mali ya mtu binafsi. Wiki saba tu baada ya Azimio, tarehe 26 Machi, 1967, Papa Paulo VI alitoa waraka kuhusu maendeleo ya mataifa. Ndani yake alifundisha kwamba haki ya kumiliki mali ya binafsi haikosi mipaka, na kwamba hakuna mwenye haki ya kulimbikiza ziada wakati wenzake wanakosa mahitaji ya lazima. Waraka huo haukuandikwa kwa ajili ya Tanzania. Hata hivyo, Mkristo aliyekuwa anasitasita aliweza kuona kwamba Azimio na imani yake havikuwa maadui.

Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki aliyehudhuria misa mara kwa mara, na hakuificha imani yake. Lakini tuangalie alivyoitumia. Katika Azimio lenyewe hakuna hoja inayosimama juu ya mafundisho ya dini moja. Hoja zake ni usawa wa binadamu, ubaya wa unyonyaji, wajibu wa kila mwenye nguvu kufanya kazi, na masharti ya kiongozi. Mwislamu anaweza kuzipokea, Mkristo anaweza kuzipokea, na asiye na dini vilevile. Mwaka 1968, katika utangulizi wa kitabu chake cha Uhuru na Ujamaa, alieleza wazi kwamba ujamaa haumlazimishi mtu kuamini kwamba Mungu yupo wala kwamba hayupo.

Lakini mwezi Oktoba, 1970, alipozungumza na masista wa Maryknoll huko New York, alisema kwa lugha ya imani. Aliwaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki kwa vitendo katika kuiasi mifumo inayowafanya watu kuwa maskini na kuwadhalilisha, litakosa maana kwa binadamu. Aliwakumbusha kwamba wao hufundisha kuwa mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, halafu akasema kwamba yeye hawezi kumfikiria Mungu aliye fukara, mjinga na mnyonge.

Hili ni jambo la kujifunza kwa makini. Mtu ni yuleyule na siasa ni ileile. Kwa waumini wenzake alieleza chimbuko la msimamo wake, na kwa Taifa zima alieleza sababu ambazo kila raia angeweza kuzipima. Hakuidanganya imani yake wala hakuilazimisha kwa wengine.

Kutoka Kipimo Hadi Sera: Suala la Shule

Ni rahisi kukubali usawa kwa maneno. Mtihani huja pale usawa unapogusa mali na heshima za kwetu. Wakati wa Uhuru, sehemu kubwa ya shule za sekondari ilikuwa mikononi mwa misheni. Matokeo yake ni kwamba mtoto wa Kikristo alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kusoma kuliko mtoto wa Kiislamu, na jambo hilo lilionekana maofisini na katika vyuo. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 Serikali ilizitwaa shule hizo ili mtoto achaguliwe bila kuangaliwa dini yake. Seminari zilibaki kwa makanisa.

Makanisa yalipoteza majengo yaliyojengwa kwa sadaka za miaka mingi. Wapo waliolalamika, na malalamiko yao yalieleweka. Hata hivyo, kwa jumla makanisa yalikubali, na walimu wao wengi waliendelea kufundisha. Hapa imani ilifanya kazi yake halisi katika siasa: haikumwambia Waziri jinsi ya kupanga mitaala, bali ilimsaidia muumini kukubali kupoteza upendeleo ili mtoto wa jirani asiachwe nyuma.

Tusijidanganye kwamba suala hilo lilikwisha. Mwaka 1992 Serikali na Makanisa walitia saini makubaliano kuhusu huduma za afya na elimu, na baadhi ya Waislamu wamelalamika kwamba makubaliano hayo yalipendelea upande mmoja. Kada asiyakimbie malalamiko ya namna hii wala asiyaite uchochezi kabla ya kuyasikiliza. Mkristo anayeamini usawa ndiye awe wa kwanza kudai hesabu ziwekwe wazi.

Vijiji na Kosa la Kunyamaza

Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alifanya jambo ambalo makada wengi hatukulifanya: alikwenda kuishi na kufanya kazi na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga. Kwake yeye, fundisho la Utatu Mtakatifu lilikuwa kielelezo cha maisha ya kushirikiana. Aliona kwamba ujamaa unampa Mkristo nafasi ya kuishi kile anachokiungama.

Lakini siasa ya vijiji ina upande wa pili, na uaminifu unatudai tuuseme. Mwaka 1968, katika maandishi yake kuhusu uhuru na maendeleo, Mwalimu alionya kwamba watu hawawezi kulazimishwa kuingia katika vijiji vya ujamaa. Mwezi Novemba, 1973, kuishi vijijini kukawa amri. Katika operesheni zilizofuata mamilioni ya wananchi walihamishwa, na mahali pengine nyumba zilichomwa moto na familia kutupwa porini pasipo maji wala makazi.

Hapo ndipo kipimo cha imani kilihitajika kuliko wakati wowote. Anayeamini kwamba mnyonge ni sura ya Mungu hawezi kuona nyumba ya mnyonge ikichomwa, halafu akasema kwamba lengo ni jema. Je, mbona sauti hiyo haikusikika kwa nguvu? Sehemu ya jibu ni sisi wenyewe. Chama kilifurahi kusikia “ndiyo” ya viongozi wa dini, lakini hakikujenga utaratibu wa kusikia “hapana” yao. Aliyehoji aliogopa kuitwa adui wa ujamaa. Kwa hiyo tulipoteza mshauri mwema katika saa ya kosa. Mwaka 1977, katika tathmini ya miaka kumi ya Azimio, Mwalimu alikiri makosa mengi ya utekelezaji. Lakini kwa mama aliyepoteza mazao na paa lake, kukiri huko kulichelewa.

Jirani zetu wa Malawi wana somo linalofanana. Tarehe 8 Machi, 1992, maaskofu Wakatoliki walisoma makanisani barua iliyozungumzia ujira mdogo, shule mbovu, hospitali zisizotosha na woga wa kusema kweli. Chama tawala kiliipokea kama uasi. Mwezi Juni, 1993, wananchi walipiga kura ya maoni na kuukataa mfumo wa chama kimoja. Chama kinachoziba masikio hakiizuii kweli. Kinajinyima tu nafasi ya kujirekebisha.

Mambo ya Kuzingatia

Kutokana na maelezo haya tunaweza kutoa mwongozo ufuatao kwa kazi zetu.

Kwanza, Chama hakina dini, lakini wanachama wake wanazo. Ibara ya 20 ya Katiba ya Nchi inakataza kusajili chama cha siasa kinachokusudia kuendeleza maslahi ya kundi la dini. Kwa hiyo kada asitumie madhabahu kuombea kura, wala asimruhusu mgombea afanye hivyo.

Pili, Mkristo aingie katika siasa na imani yake yote, lakini anapotetea sera mbele ya wote atoe sababu ambazo asiye Mkristo anaweza kuzipima.

Tatu, imani ipimwe kwa msimamo wake kuhusu unyonyaji. Sala ndefu za mtu anayewadhulumu vibarua wake haziwezi kuwa ushahidi wa uadilifu.

Nne, kiongozi wa dini anayeunga mkono mpango wa maendeleo aheshimiwe, na anayeukosoa kwa kutaja madhara yanayowapata wananchi asikilizwe zaidi. Hoja yake ijibiwe kwa hoja na kwa takwimu.

Tano, muumini naye akubali kwamba anaweza kukosea katika sera. Nia njema haitoshi kumpatia mkulima mbolea kwa wakati. Ujuzi, mipango na hesabu vinahitajika.

Hitimisho

Tuliuliza kama Mkristo aiache imani yake mlangoni. Jibu letu ni kwamba aingie nayo, kwa sharti kwamba akishaingia asiisahau. Imani iliyomtoa Luthuli katika uchifu na iliyompeleka Mwoleka kijijini ndiyo hiyo iliyotakiwa kusimama mbele ya nyumba inayowaka na kusema kwamba hili si ujamaa. Kazi ya makada wa leo ni kujenga Chama ambamo maneno kama hayo yanaweza kusemwa ndani ya kikao, mapema, na aliyeyasema akaendelea kuitwa ndugu.