Usinunue namba, nunua toleo: Kutafuta gari dogo Kitale na Bungoma

Mahindi yakishaanikwa kwenye maturubai kando ya barabara ya Kitale kuelekea Kiminini, mazungumzo ya watu hubadilika. Mkulima aliyeuza magunia yake, mwalimu aliyepata mkopo wa chama cha ushirika, muuguzi aliyechoka kunyeshewa kwenye bodaboda akitoka zamu ya usiku, wote huuliza swali lile lile: nichukue Vitz ya mwaka gani?

Jibu wanalopewa huwa fupi: ile ya karibuni kabisa ambayo pesa zako zinafika. Niliwahi kulifuata jibu hilo. Gari langu la kwanza nililinunua kwa sababu namba yake ilianza na KD, nami nikaamini kwamba namba changa ni gari changa. Miezi michache baadaye fundi wa Bungoma alivuta mkanda wa kiti cha dereva hadi mwisho, akanionyesha kitambaa kidogo kilichoshonwa karibu na sakafu. Pale paliandikwa mwaka mkanda ulipotengenezwa. Gari lilikuwa na umri wa miaka saba siku lilipofungwa ile namba niliyoipenda. Hakuna aliyekuwa amenidanganya. Mimi ndiye niliyesoma kitu kisichosema nilichotaka kujua.

Miaka mitatu ndani ya gari moja

Kila gari lililotumika lina miaka mitatu. Wa kwanza ni mwaka lilipotoka kiwandani. Wa pili ni mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza huko Japani. Wa tatu ni mwaka lilipopata namba ya Kenya. Muuzaji hukutajia ule unaomfaa yeye, na namba ya chesi ya gari la soko la Japani haitakusaidia kwa macho, kwa kuwa haina herufi inayotaja mwaka. Ndiyo maana mafundi huvuta mikanda.

Pengo kati ya miaka hiyo linatokana na sheria mbili zinazokutana bandarini. Japani, gari dogo jipya hukaguliwa linapofika miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo, wanaouita shaken, huja pamoja na kodi na bima, na gharama yake huwafanya wenye magari wengi wayauze yanapofika miaka 3, 5 au 7. Huku kwetu, kiwango cha KS 1515 kinachosimamiwa na KEBS, Shirika la Kutathmini Ubora wa Bidhaa, hakiruhusu gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza. Mwaka 2025 mpaka ulikuwa magari ya 2018. Januari 2026 ukasogea hadi 2019. Kwa hivyo gari la miaka 7 ndilo nafuu zaidi linaloweza kuingia kihalali, nalo ndilo linalojaa kwenye yadi.

Anayeagiza kutoka Japani basi hana mengi ya kuchagua. Sheria na mfuko wake vimekwisha kumchagulia mwaka. Uchaguzi wa kweli uko kwa anayenunua gari lililokwisha kutumika humu nchini, na wengi wetu katika kaunti za Trans Nzoia na Bungoma tuko hapo. Mbele yetu kuna magari ya karibu miaka ishirini, yote yakiitwa Vitz.

Toleo hukomaa

Kampuni za magari hazitengenezi gari jipya kila Januari. Hutoa toleo, likakaa sokoni miaka kadhaa, na katikati ya safari hiyo hulifanyia marekebisho. Mwaka wa kwanza wa toleo ni mwaka wa kujifunza, na anayefanyiwa jaribio ni mnunuzi. Mfano ulio wazi ni Honda Fit ya mseto, ile yenye injini ya petroli inayosaidiwa na mota ya umeme. Toleo lake jipya lilizinduliwa Septemba 2013. Kufikia Oktoba 2014 Honda ilikuwa imeyaita magari hayo yarudi kwa matengenezo mara tano, hata rais wa kampuni wakati huo, Takanobu Ito, pamoja na wakuu wenzake wakakubali kukatwa sehemu ya mshahara. Magari ya mwaka ule wa kwanza yangali barabarani. Baadhi yamefika kwetu, na bei yake ya chini ina sababu.

Somo ninalolitoa hapo ni hili: usitafute gari changa, tafuta toleo lililokomaa. Ruka mwaka wa kwanza. Simama baada ya marekebisho ya katikati, kabla ya sura mpya inayopandisha bei.

Tuipime Vitz kwa kanuni hiyo. Toleo la kwanza lilianza 1999, la pili 2005, la tatu Desemba 2010. Hili la tatu lilidumu hadi mwanzoni mwa 2020, Toyota ilipoliacha jina la Vitz huko Japani na kulitumia la Yaris. Aprili 2014 lilibadilishwa sura, na injini ya lita 1.3 ikapishwa na nyingine inayotumia mafuta vizuri zaidi. Januari 2017 sura ikabadilishwa tena na gari la mseto likaongezwa. Basi Vitz za 2015 na 2016 ziko mahali pazuri: toleo limeshatengenezwa miaka zaidi ya minne, marekebisho makubwa yameingia, na bei haijabeba sura ya 2017. Hiyo ndiyo miaka ninayomwambia mtu aanzie.

Kuna jambo moja la kuangalia kwenye magari hayo. Mengi huzima injini yenyewe yanaposimama kwenye taa au foleni, kisha huiwasha dereva anapotaka kuondoka. Mfumo huo unahitaji betri maalumu, ghali kuliko ya kawaida. Mwenye gari akiweka betri yoyote ili aokoe shilingi, betri hiyo hudhoofika mapema na wewe ndiye utakayeinunua nyingine.

Hewa ya Kitale

Kuna swali ambalo wauzaji wa Nairobi na Mombasa hawalijibu: gari litaishi wapi? Mji wa Kitale uko takribani mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma takribani 1,400. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyo na tabo huvuta hewa iliyopo, basi. Hesabu ya uzito wa hewa inaonyesha kwamba Kitale injini kama hiyo hupoteza karibu asilimia 17 ya nguvu zake, na Bungoma karibu asilimia 13.

Vitz ya 1.0, yenye silinda tatu, hutoka kiwandani na nguvu za farasi 69. Kitale hubakiwa na kama 57. Mtu mmoja akienda kazini Milimani hatahisi kitu. Lakini pakia watu wazima wanne na gunia la mahindi, uelekee Endebess, au upande kutoka Kimilili kwenda Kapsokwony huku mlima Elgon ukiwa mbele yako, utaona dereva akikanyaga hadi sakafuni na gari likilalamika. Injini inayokanyagwa hivyo kila siku huchoka mapema na hunywa mafuta kuliko kubwa inayofanya kazi kwa utulivu. Kwa Kitale ninasema 1.3 bila kusita. Kwa mwalimu wa Bungoma mjini, anayetoka Musikoma kwenda Kanduyi na siku za soko hufika Bukembe, 1.0 inatosha kabisa.

Kuzitofautisha ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Fungua boneti, soma kibati. KSP130 ni ya 1.0, NSP130 ni ya 1.3. Ushuru wa bidhaa kwa magari yote ya petroli yasiyozidi cc 1,500 ni asilimia 20, kwa hivyo si kiwango cha ushuru kinachokusukuma kuchukua injini ndogo.

Mwinuko huo huo unagusa rediata. Kitale maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, si 100. Ukifungua rediata ya baridi ukakuta maji ya mtungi yenye kutu badala ya dawa ya kupozea yenye rangi yake, umejua mengi kuhusu aliyekuwa na gari hilo, wala mwaka wake hautalifuta hilo.

Tukumbuke pia kwamba tumbo la Vitz liko takribani sentimita 14 tu kutoka ardhini. Barabara za changarawe za Chwele, na matuta ya udongo yanayoachwa na matrekta ya miwa wakati wa mvua, hulikwaruza. Lala chini ulitazame kabla ya kutazama rangi.

Majirani wa Vitz

Mazda Demio hufuata kanuni ile ile. Toleo la Septemba 2014 lilileta giaboksi ya kawaida ya gia sita, ambayo wengi huiamini kuliko ile ya mkanda wa chuma. Lakini lina pia injini ya dizeli ya 1.5, nayo inataka safari ndefu ili ichome masizi yake yenyewe. Anayeendesha kati ya nyumbani na sokoni, dakika kumi kwenda na kumi kurudi, atayakusanya hadi yamzibie injini. Huyo achukue ya petroli. Nissan Note iliyoanza Septemba 2012 ina nafasi kubwa ya nyuma, na familia zenye watoto watatu huipenda. Giaboksi yake ni ya mkanda, inayotaka mafuta yake maalumu, si yoyote yaliyopo dukani. Muulize mwenye gari aliyabadilisha lini na aliweka yapi. Akibabaika, ondoka.

Mpaka nisioupunguza

Bei inaweza kujadiliwa, rangi inaweza kusamehewa. Usalama wa abiria ninauwekea mpaka. Japani iliyalazimu magari ya kawaida ya abiria yanayotoka kiwandani yawe na mfumo wa kulizuia gari lisiteleze, kwa matoleo mapya kuanzia Oktoba 2012, na kwa yaliyokuwa tayari sokoni kuanzia Oktoba 2014. Mfumo huo hufunga breki ya gurudumu moja moja gari linapoanza kukushinda, na anayejua utelezi wa barabara za Trans Nzoia mwezi wa Mei anajua thamani yake. Washa swichi bila kuwasha injini: taa yenye picha ya gari na alama za kuteleza lazima iwake, kisha izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameiondoa ili kuficha hitilafu.

Upande wa pili wa mpaka huo ni mifuko ya hewa ya Takata. Dawa yake ya kulipulia mfuko huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na ikilipuka vibaya hurusha vipande vya chuma kwa aliye mbele yake. Mamilioni ya magari yaliitwa yarudi duniani kote, zikiwemo Vitz na Fit za miaka ya 2000. Hapa kwetu mengi hayakuwahi kurudi kwa mtu yeyote. Anayenunua toleo la pili la Vitz aitafute namba ya chesi kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla hajampakia mtoto.

Magari mawili

Msimu uliopita shemeji yangu wa Kitale aliniomba tukaangalie magari mawili. La kwanza lilikuwa Vitz ya 2018 ya 1.0, inang'aa, namba yake ya karibuni. Tulipofika saa moja asubuhi, katika baridi ile ya Kitale, injini ilikuwa tayari ya moto. Mtu alikuwa ameiwasha kabla yetu ili tusiisikie ikiamka. Logibuku ilikuwa na jina la mkopeshaji pamoja na la mwenyewe. La pili lilikuwa ya 2015 ya 1.3, bampa imekwaruzwa. Mama aliyekuwa nalo alituletea daftari la shule la kurasa 48: kila mara alipobadilisha mafuta, tarehe, kilomita, jina la fundi. Rekodi ya NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, tulipoitafuta kwenye eCitizen ililingana na maneno yake. Injini ilikuwa baridi kama jiwe. Ikawaka mara moja.

Shemeji alisimama kati ya magari hayo muda mrefu, macho yakirudi kwenye lile linalong'aa. Sikumlaumu, mimi pia niliwahi kusimama hivyo. Kisha akainama, akavuta mkanda wa lile lililokwaruzwa hadi mwisho, akausoma mwaka, akaulinganisha na ule wa kwenye rekodi ya NTSA.

Ilikuwa 2015 kote kuwili. Akaomba ufunguo.