Dončić, Young na cheti cha ng'ambo kilichotiliwa shaka

Usiku wa Juni 21, 2018, katika ukumbi wa Barclays Center, Brooklyn, vijana wawili waliitwa jukwaani mmoja baada ya mwingine, wakapeana mkono na kamishna wa NBA na kuvaa kofia za timu ambazo hawakuja kuzichezea hata dakika moja. Luka Dončić, Mslovenia wa miaka 19, alivaa kofia ya Atlanta Hawks. Trae Young, kijana wa Oklahoma mwenye umri huohuo, alivaa ya Dallas Mavericks. Usiku haukuisha kabla ya biashara kufungwa: Atlanta ilimtoa Dončić kwenda Dallas, Dallas ikamtoa Young kwenda Atlanta na kuongezea juu haki yake ya kuchagua mchezaji katika duru ya kwanza ya mwaka uliofuata.

Msomaji anayevusha mitumba, mchele au vipuri ataielewa biashara hiyo bila kufafanuliwa. Ni mali kwa mali, na anayetaka ile inayoonekana nzito zaidi anaongeza kitu juu. Kinachonirudisha kwenye usiku huo ni jambo lililokuwa nyuma ya bei. Wote wawili walikuwa namba moja, yaani yule anayepandisha mpira na kupanga mashambulizi ya timu nzima. Mmoja alipimwa nyumbani Marekani, mwingine alipimwa ng'ambo. Aliyepimwa ng'ambo alikuja na vyeti vingi zaidi, na ndiye aliyeulizwa maswali mengi zaidi.

Tuanze na vyeti hivyo. Dončić alizaliwa Ljubljana Februari 1999, mtoto wa mchezaji wa kikapu. Akiwa na miaka 13 aliondoka nyumbani kwenda kulelewa na Real Madrid, nchi ya watu na lugha asiyoijua. Aprili 2015, akiwa na miaka 16 na miezi miwili tu, aliingizwa kwenye timu ya wakubwa, na mpira wa kwanza aliourusha ulikuwa wa pointi tatu, ukaingia. Septemba 2017 aliisaidia Slovenia, nchi yenye watu wasiozidi milioni mbili na ushei, kutwaa ubingwa wa Ulaya kwa mara ya kwanza, akiwa pembeni ya kaka mkubwa wa timu hiyo, Goran Dragić. Mei 2018, mwezi mmoja kabla ya kupanda jukwaani Brooklyn, Real Madrid ilichukua ubingwa wa EuroLeague mjini Belgrade na yeye akatajwa Mchezaji Bora wa ligi hiyo. Hakuna aliyewahi kuipata tuzo hiyo akiwa na umri mdogo kama wake.

Young alicheza msimu mmoja tu wa chuo kikuu, katika Chuo Kikuu cha Oklahoma kilichopo Norman, mji aliokulia. Ulikuwa msimu wa ajabu. Alifunga wastani wa pointi 27.4 na kutoa asisti 8.7 kwa mechi, akaongoza vyuo vyote vya Marekani kwa mambo yote mawili katika msimu mmoja, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na mtu. Desemba 2017 alitoa asisti 22 katika mechi moja na kuifikia rekodi ya vyuo. Alirusha mipira ya pointi tatu kutoka mbali kiasi kwamba kila mtu alianza kumtaja Stephen Curry. Ilipofika Januari wapinzani wakaanza kumwekea walinzi wawili wawili, timu ikateleza, na Oklahoma ikatolewa na Rhode Island katika mechi yake ya kwanza ya mashindano ya kitaifa.

Ukiwatazama uwanjani, hawafanani hata kidogo. Dončić ana urefu wa mita mbili hivi na si mwepesi. Anatembea na mpira kama mtu asiye na haraka ya kufika, anamweka mlinzi mgongoni, anasimama ghafla, anarudi hatua moja nyuma na kurusha. Kwa kuwa ni mrefu, anaona juu ya vichwa vya watu na pasi yake inatoka kabla mlinzi hajajua inakwenda wapi. Young ana mita 1.85 hivi na mwili mwembamba. Silaha yake ni hofu: akivuka tu mstari wa kati, mlinzi lazima amfuate, maana anaweza kurusha kutoka hapo, na mlinzi akimfuata sana anapitwa. Akishapita ana kile kirushi cha kudondosha mpira juu ya mikono ya warefu, au pasi ya hewani kwa mwenzake anayeruka chini ya kikapu. Miaka ya baadaye mmoja wa wapokeaji hao alikuwa Clint Capela, mzaliwa wa Uswisi ambaye mama yake ni Mkongo.

Kwenye ulinzi wote wawili walikuwa na shida. Young kwa sababu ya kimo, Dončić kwa sababu ya miguu. Hapo sioni wa kumcheka mwenzake.

Sasa mizani. Maswali yaliyomzunguka Dončić yalikuwa haya: atawapita vipi walinzi wa NBA wakati hana kasi? Mwili wake umeshafika mwisho? Na hizo pointi za Ulaya, zina uzito gani huku kwetu? Hilo la tatu ndilo linaloniuma. EuroLeague ni ligi ya watu wazima wanaolipwa mshahara, wakiwamo Wamarekani wengi waliocheza vyuo bora vya kwao. Kijana wa miaka 18 aliyeamka kila wiki kupambana na wanaume wa miaka 30 alitiliwa shaka kuliko wenzake waliocheza na wanafunzi. Baadhi ya wachambuzi wa takwimu waliolinganisha ligi kwa hesabu walimweka Dončić juu kabisa. Timu zilikuwa na hesabu zao.

Lakini nisiwe mwepesi wa kulaumu, kwa sababu kuna watu wawili wanaoiharibu hoja hii ikiachwa nyepesi. Phoenix iliyochagua wa kwanza ilikuwa imemwajiri kocha Igor Kokoškov, ambaye miezi tisa kabla ndiye aliyeiongoza Slovenia ya Dončić kwenye ubingwa wa Ulaya. Ikamchukua Deandre Ayton, jitu la chini ya kikapu kutoka Chuo Kikuu cha Arizona, jimbo lilelile la timu. Sacramento iliyochagua wa pili iliongozwa na Vlade Divac, Mserbia, mmoja wa Wazungu wa mwanzo kufanikiwa NBA kutoka Ulaya. Ikamchukua Marvin Bagley. Hao hawakuhitaji kuelezwa Belgrade iko wapi. Sacramento tayari ilikuwa na De'Aaron Fox, mchezeshaji kijana, na mwenye duka lenye magunia ya sukari hatafuti sukari. Phoenix ilitaka mtu mrefu. Kwa hiyo sehemu ya bei ilikuwa shaka ya cheti, na sehemu ilikuwa pengo la rafu. Anayeuza hatambui kirahisi ipi ni ipi, ndiyo maana anaweza kurudi nyumbani akidhani mali yake ni mbovu.

Atlanta, iliyokuwa na zamu ya tatu, ilimtaka mrushaji. Mkurugenzi wake, Travis Schlenk, alitoka Golden State, nyumba ya Curry. Dallas ilikuwa ya tano na ilimtaka Dončić kiasi cha kulipa nyongeza.

Msimu wa kwanza ulijibu haraka. Dončić alipata wastani wa pointi 21.2, ribaundi 7.8 na asisti 6. Young alianza kwa kujikwaa, kisha akainuka nusu ya pili na kumaliza na pointi 19.1 na asisti 8.1. Katika kura za Mchezaji Bora Chipukizi, wapiga kura 98 kati ya 100 walimweka Dončić wa kwanza. Wawili walimweka Young.

Hata hivyo, mwenye duka la Atlanta alikuwa na majira yake ya kutembea kifua mbele. Mei 2021 Young aliingia Madison Square Garden, New York, kucheza mechi yake ya kwanza kabisa ya mtoano. Ukumbi mzima ulimzomea. Zikiwa zimebaki sekunde 0.9 alidondosha mpira kikapuni na kuimaliza mechi, akiwa na pointi 32. Atlanta iliitoa New York, ikaitoa Philadelphia katika mechi ya saba ugenini, ikafika fainali ya kanda ya Mashariki. Huko Young alifunga pointi 48 katika mechi ya kwanza dhidi ya Milwaukee, kabla ya kukanyaga mguu wa mwamuzi na kuumia kifundo. Wakati huo Dončić hakuwa ameshinda raundi hata moja ya mtoano. Aliyepiga hesabu Julai 2021 angesema Atlanta haikupunjwa.

Aliyepiga hesabu mwaka mmoja baadaye asingesema hivyo. Mei 2022 Dallas ilikwenda Phoenix kucheza mechi ya saba na timu iliyoshinda mechi nyingi kuliko zote msimu ule. Kufikia mapumziko Dončić peke yake alikuwa na pointi 27, na Phoenix nzima, Ayton akiwamo, ilikuwa na 27. Januari 26, 2024 alifunga pointi 73 katika mechi moja, na ukumbi aliofungia ulikuwa wa Atlanta, mbele ya mashabiki waliowahi kummiliki kwa saa chache. Msimu huo aliongoza ligi kwa wastani wa pointi 33.9 na kuifikisha Dallas fainali ya NBA, ikapigwa na Boston 4-1. Kuanzia 2020 hadi 2024 hakukosa hata mara moja kikosi cha kwanza cha wachezaji bora wa msimu.

Young hakuwa mali feki. Msimu wa 2021/22 alimaliza akiwa na jumla kubwa kuliko wote ya pointi na ya asisti, na 2024/25 aliongoza ligi kwa asisti 11.6 kwa mechi. Ni mchezeshaji ambaye timu nyingi zingefurahi kuwa naye. Ila uamuzi wangu uko wazi: Dončić ndiye aliyekuwa mkubwa zaidi, na ushahidi ulikuwa mezani siku ile ile, umepigwa mihuri. Ile nyongeza nayo? Haki ya kuchagua ya Dallas ilizaa namba 10 mwaka 2019, Atlanta ikamchukua Cam Reddish, na Januari 2022 ikamwuza New York.

Wafanyabiashara wa ukanda huu hawahitaji kwenda Brooklyn kuiona shaka ya aina hiyo. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu, malori yakakwama, kisha siku chache baadaye mlango ukafunguliwa kwa masharti ya vyeti. Sumukuvu ni hatari ya kweli na mlaji ana haki ya kulindwa. Lakini utaratibu wa Jumuiya ni kwamba bidhaa yenye nembo ya ubora inayotambuliwa ya nchi mwanachama haipimwi upya kila inapovuka, na mwenye mzigo anajua mara ngapi ameambiwa nembo ya kwao haitoshi.

Kwa vijana wa kikapu swali hilo limefika mlangoni. Tangu 2021 ligi ya BAL, inayoendeshwa na NBA pamoja na FIBA, imewaleta mawakala Kigali, na 2025 Nairobi City Thunder ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kushiriki. Namba moja wa Kampala au Goma atakayewavutia ataulizwa alichoulizwa Dončić: ulifunga dhidi ya nani? Tofauti ni kwamba Dončić alikuwa na picha za video za kila mechi na takwimu za kila pasi. Kwenye ligi zetu, mara nyingi kinachobaki baada ya filimbi ni matokeo tu. Cheti kinaweza kutiliwa shaka, lakini lazima kwanza kiwepo.

Dallas yenyewe, iliyokuwa mnunuzi mwenye jicho mwaka 2018, Februari 2025 ilimuuza Dončić kwa Los Angeles Lakers usiku wa manane. Ilimpata Anthony Davis, mwenye miaka 31, kijana mmoja aitwaye Max Christie, na haki moja ya kuchagua duru ya kwanza mwaka 2029. Mkurugenzi wa timu alisema ulinzi ndio unaoshinda ubingwa. Mashabiki waliandamana nje ya ukumbi.

Aprili 9, 2025 Dončić alirudi Dallas na jezi ya Lakers. Alionyeshwa video ya miaka yake ya pale, akalia hadharani akiwa ameketi kwenye benchi. Kisha akafunga pointi 45 na Lakers ikashinda.