Nuru Itoayo Elektroni Katika Dhahabu

Wazee wetu wazikumbuka redio za zamani zilizokuwa na taa za kioo ndani yake. Ukiiwasha redio ya namna ile ilikubidi ungoje kitambo kabla ya kusikia sauti, kwa sababu metali iliyokuwamo katika taa zile haikuweza kutoa elektroni, yaani chembe ndogo mno za umeme, mpaka iwe moto sana. Leo twataka kueleza njia nyingine ya kuzitoa, isiyohitaji moto wala kungoja.

Ya kwamba nuru yaweza kutoa elektroni katika metali si habari mpya. Heinrich Hertz wa Ujerumani aliona dalili zake mwaka 1887, na mwaka 1905 Albert Einstein akaeleza sababu: nuru huja kwa punje, na kila punje ina kiasi chake cha nguvu. Elektroni ya dhahabu yahitaji nguvu ya vipimo kama 5 ili itoke. Punje ya nuru nyekundu inavyo 1.8 tu. Basi hata ukimulika dhahabu kwa taa nyekundu mchana kutwa, hazitoki. Punje tatu zingetosha kama zingefika pamoja, lakini nuru ya kawaida haizileti pamoja.

Hapa ndipo udogo unapofaa. Elektroni zilizo huru ndani ya metali ni kama maji ndani ya debe: huenda huku na huku, wala hazipiti ukingo. Mchukua maji ajua ya kuwa hatua zake zikilingana na mwendo wa maji, maji huyumba zaidi na zaidi hata yakamwagika. Ndiyo maana wengine huweka majani juu yake. Nuru nayo ni mtikiso. Ikiangukia chembe ndogo ya dhahabu, na mtikiso wake ukilingana na myumbo wa elektroni, zote huyumba pamoja. Myumbo huo wa usoni mwa metali huitwa plazmoni.

Watu waliiona kazi yake zamani kabla ya kuijua. Katika British Museum, London, kimo kikombe cha kioo cha Warumi, cha karne ya 4, kiitwacho Kikombe cha Lycurgus. Kikimulikwa kwa mbele ni cha kijani. Taa ikiwekwa ndani yake, huwa chekundu. Kioo chake kina chembe za dhahabu na fedha zenye upana wa nanomita kama 70, na nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni.

Lakini rangi ni jambo dogo. Myumbo huo hukusanya nguvu ya nuru mahali padogo sana, hasa penye ncha, na hapo punje kadhaa huweza kuipa elektroni moja nguvu zao kwa pamoja. Mwaka 2007 mabingwa wa Berlin walitangaza ya kuwa wamezitoa elektroni hivyo katika ncha ya sindano ya dhahabu, kwa mimweko mifupi mno ya nuru. Mmweko ukikoma, elektroni nazo hukoma.

Kwa elektroni za namna hii hadubini yaweza kupiga picha za mambo yapitayo upesi kuliko jicho liwezavyo kufuata. Taabu iliyopo ni ncha yenyewe: nuru ikizidi, dhahabu huyeyuka, ncha ikawa butu, na nguvu haikusanyiki tena.