Barua ya Kumrudisha Mgeni

Kampuni za utalii za Arusha na Moshi zina mali ambayo nyingi haziihesabu: anwani za barua pepe za wageni waliokwisha kuja. Mgeni wa Ujerumani au Marekani anayepanga kwenda Serengeti huandikiana na ofisi kwa wiki kadhaa, akiuliza bei, chanjo, viza na hali ya hewa. Akishapanda ndege kurudi kwao, mazungumzo hayo hufa, na mwaka unaofuata kampuni inalipia tangazo jipya kutafuta watu isiowajua.

Mgeni huyo aandikiwe, ila si barua yoyote tu. Aliyekuja Agosti kutazama nyumbu wakivuka Mto Mara hajawaona wakizaa kule Ndutu mwezi Februari, maelfu ya ndama ndani ya wiki chache, fisi na duma wakiwavizia. Mwandikie Septemba, picha za mto zikiwa bado kwenye simu yake. Aliyefika kileleni Kilimanjaro huenda hataki kupanda tena. Mwandikie kuhusu Zanzibar. Anayebana matumizi aambiwe ukweli kuhusu Aprili na Mei: masika huharibu barabara na baadhi ya kambi hufungwa, lakini bei hushuka na kreta ya Ngorongoro huwa kijani, magari machache. Kuigawa orodha hivi kunachosha, na ndiyo kazi yenyewe.

Kichwa cha barua nacho kina mambo yake. Kampeni ya Barack Obama ya mwaka 2012 ilichangisha fedha nyingi kwa barua pepe, na kabla ya kuwatumia mamilioni ya wafuasi, timu yake ilijaribu hadi matoleo 18 ya barua kwa vikundi vidogo. Barua moja ya Juni, ambayo kichwa chake kilisema waziwazi kwamba mpinzani angemzidi Obama kwa matumizi, iliingiza zaidi ya dola milioni 2.6. Kilichonigusa zaidi ni kwamba wataalamu wale walishindwa kubashiri toleo lipi lingeshinda. Ofisi yenye anwani mia nane haiwezi kupima matoleo 18. Mawili inaweza, msimu hadi msimu.

Yote haya yanasimama juu ya ruhusa. Mei 1978, Gary Thuerk, meneja masoko wa Digital Equipment Corporation, alituma tangazo la kompyuta kwa mamia ya watumiaji wa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti. Hakuna aliyeliomba. Mwenyewe alisema lilileta mauzo ya mamilioni ya dola, lakini pia lilizua malalamiko na karipio. Anayenunua orodha ya anwani leo anarudia kosa hilohilo, naye anaingia nyumba ya watu bila kupiga hodi.

Siku hizi mlango umewekewa walinzi. Tangu Februari 2024, Google inamtaka anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenye Gmail athibitishe utambulisho wake, aweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na ahakikishe wanaoziripoti kuwa barua taka hawafiki watatu kwa kila elfu. Kenya ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, Tanzania ya 2022, na mgeni wa Ujerumani ana kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika 2018.

Nina ombi moja kwa wenye kampuni hizi: acheni kutuma barua kutoka anwani isiyopokea majibu. Mama aliyesoma habari za Ndutu akauliza kama mwanawe wa miaka saba ataruhusiwa kulala kambini yuko karibu sana kulipa. Ajibiwe siku hiyohiyo, na ajibiwe na mtu aliyewahi kulala huko.