Usafi wa maji ya Nairobi huanzia shambani Murang'a

Ukifungua mfereji jijini Nairobi, huenda maji unayokinga yametoka bwawa la Ndakaini, Kaunti ya Murang'a. Lakini kabla ya kufika bwawani, yamepitia mashamba yaliyo kwenye miteremko.

Hapo ndipo shida huanza. Mvua ikinyesha kwenye shamba lisilo na matuta, udongo na mbolea husombwa hadi mtoni. Bwawa hujaa matope na gharama ya kusafisha maji hupanda. Mkulima naye amepoteza udongo wenye rutuba. Kila mtu hasara tu!

Ndiyo maana mwaka wa 2015 ilizinduliwa Hazina ya Maji ya Upper Tana-Nairobi. Wanaotumia maji huku chini huchanga, na wakulima kule juu husaidiwa kuchimba matuta, kupanda miti na nyasi za nepia. Nepia hushika udongo, na ng'ombe pia hupata chakula.

Je kijana, kwenu kuna mto? Sheria ya Maji ya 2016 inawaruhusu wanaoutumia kuunda chama cha kuulinda. Uliza kama kipo, ujiunge. Wazee wasiachiwe kazi hii peke yao.