Kufunga vali ni kufanya nini? Istilahi zinapobeba uhai wa mtu

KUNA wanaodhani kuwa mjadala wa istilahi ni wa wanaisimu wasio na kazi nyingine. Eti mradi fundi na mwenzake wameelewana, jina la kifaa si hoja. Leo naipinga dhana hiyo kwa mfano usio wa kawaida katika ukumbi huu: mfumo wa mafuta wa ndege ndogo ambayo mtu hujiundia nyumbani.

Tuanze na mfumo wenyewe. Petroli hukaa katika matangi, aghalabu moja katika kila bawa. Kila tangi huwa na tundu la hewa, kwani mafuta yakitoka na hewa isiingie, mtiririko hukatika. Mafuta hupita kwenye chujio, yakafuata mirija hadi kwenye vali ya kuchagulia tangi, kisha chujio jingine, pampu na hatimaye kabureta. Mahali pa chini kabisa huwekwa kizibo cha kumwagia maji kabla ya safari, maana maji ni mazito kuliko petroli na hutuama chini. Mirija nayo haipitishwi karibu na ekzosi. Petroli ikipata joto huwa mvuke, na mvuke huziba njia.

Kazi ikikamilika, mtiririko hupimwa. Kwa kipimo cha Marekani cha ndege ndogo, mfumo unaotegemea mteremko pekee sharti upitishe asilimia 150 ya mafuta yanayohitajiwa na injini wakati wa kupaa. Wenye pampu, asilimia 125.

Sasa hebu tuigeukie lugha. Chukua neno ‘bomba’. Tumelipata kwa Wareno, ambao kwao ni pampu. Mtanzania akisema bomba la maji, mara nyingi ni kile ambacho Mkenya hukiita mfereji. Kwingine bomba ni paipu, na kwingine ni pampu vilevile. (Tusiseme la vijana, ambao kwao kitu kizuri ni bomba!) Jikoni hakuna madhara. Katika ndege, vali, mrija na pampu ni vitu vitatu, na kila kimoja kina hatari yake.

Kitenzi ‘funga’ ni kibaya zaidi. Fundi hufunga injini, yaani huiweka mahali pake ikakaza. Mtu pia hufunga mfereji, yaani huzuia maji. Basi maagizo yakisema “funga vali”, fundi aipachike au akate mafuta? Mimi ningependekeza ‘pachika’ kwa maana ya kwanza na ‘kata mafuta’ kwa ile ya pili.

Je, ni kujitafutia makosa pasipo na makosa? Tazama yaliyomkuta John Denver, mwanamuziki wa Marekani ambaye nyimbo zake zingali na mashabiki humu nchini. Tarehe 12 Oktoba 1997 alianguka baharini karibu na Pacific Grove, California, akafa. Ndege yake ilikuwa Long-EZ, ya mchoro wa Burt Rutan, iliyoundwa na mtu binafsi.

Katika mchoro, mkono wa vali ya mafuta ulikuwa mbele ya rubani. Muundaji aliuhamishia nyuma ya bega la kushoto. Haukuwa na maandishi yoyote, na ukiuelekeza kulia, ulifungulia tangi la kushoto! Vipimo vya mafuta, navyo bila alama, vilikuwa nyuma ya kiti. Fundi mmoja alimpa Denver kioo cha kuvitazamia. Wachunguzi wa serikali walihitimisha kwamba alipokuwa akipapasa vali hiyo, alikanyaga pedali ya kulia pasi na kukusudia, ndege ikamshinda. Walitaja pia kwamba hakuwa ameongeza mafuta wala kupata mazoezi ya kutosha ya ndege hiyo. Ila mahali pa vali na ukosefu wa alama vilihesabiwa miongoni mwa sababu.

Kulia na kushoto, kumbe, si maneno mepesi. ‘Kulia’ kumetokana na mkono wa kulia chakula. Kwa hiyo ni upande wa mwili wa mtu fulani. Wa nani? Fundi aliyesimama akiikabili pua ya ndege ana kulia kwake, na rubani aliyeketi ana kwake. Katika urubani, jibu ni moja: wa rubani anayetazama mbele.

Kwa hivyo, anayeandika kibandiko cha vali asitaje mkono uende wapi. Ataje kinachopatikana: TANGI LA KUSHOTO, TANGI LA KULIA, MAFUTA YAMEKATWA. Kifaa kimoja, jina moja, tena palipo na macho ya rubani.

Kenya nayo ina mafundi waliojaribu kujiundia ndege. Wanaojifunza kwa Kiswahili wanastahili istilahi zisizowalazimu kukisia. Kibandiko nacho ni kipuri, na kipuri kibovu hakipachikwi.