Wino Laini Juu ya Fulana

Yapo maandishi meupe juu ya fulana nyeusi ambayo ukiyapitishia kiganja wahisi kama unapapasa msasa. Yanasomeka, lakini vinyweleo vya pamba vimepenya na kusimama ndani ya wino. Baada ya kufuliwa mara chache weupe hufifia, na mteja humlaumu mchapaji.

Ufundi wa kupitisha wino katika wavu uliokazwa kwenye fremu ulipewa hataza Uingereza mwaka 1907, kwa jina la Samuel Simon wa Manchester. Viwanda vikubwa, kama Urafiki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa China, vilichapa khanga na vitenge kwa mitambo mikubwa. Fulana haihitaji makuu hayo. Kijana wa Kisawasawa, chini ya Milima ya Udzungwa, akiwa na mashine ya mkono aweza kupokea kazi ya timu ya mpira au ya arusi. Lakini mtaji wake ni mdogo: fulana moja ikiharibika, faida ya kadhaa imekwenda nayo.

Wengi wakiona ukwaru huongeza wino. Dawa hiyo huzidisha ugonjwa, kwa kuwa tabaka huwa zito na gumu, na vinyweleo hubaki vimesimama. Kinachotakiwa ni kuvilaza.

Kwanza, ipakwe gundi kidogo mezani ili fulana isiinuke pamoja na wavu. Wavu ukazwe vizuri, uachwe juu ya nguo kwa milimita 2 au 3, ili uachane na wino mara raba inapopita. Kwa wino mweupe mzito, wavu wa nyuzi 43 hadi 61 kwa sentimita hufaa. Raba iwe na ukingo mkali, ivutwe kwa nguvu sawa toka mwanzo hadi mwisho.

Pili, chapa tabaka la kwanza, ulikaushe kwa joto mpaka lisishike kidole. Hapo ndipo ilipo siri ya mafundi. Chukua fremu nyingine ambayo wavu wake umezibwa wote kwa dawa, bila picha yoyote, na chini yake ubandike karatasi laini ya Teflon. Ishushe juu ya wino ungali moto, uvute raba ngumu kwa nguvu mara moja au mbili. Vinyweleo hulala, na uso huwa kama kioo. Wino ukiwa bado mbichi utang'ang'ania karatasi na kuharibu kazi, basi usiharakishe. Kisha chapa tabaka la pili, jembamba.

Mwisho ni kuivisha. Wino wa plastiki, ujulikanao kama plastisoli, aghalabu huiva ukifikia nyuzi joto 160 hivi, tena unene wote. Wino unaokauka juu tu hupasuka fulana ikivutwa. Wino wa maji nao huganda upesi wavuni katika joto kali la bondeni. Basi wavu usiachwe bila wino kati ya fulana na fulana.

Kabla ya kuanza kazi ya watu, chapa fulana moja ya majaribio, uifue, uivute, uipapase. Hiyo moja ndiyo itakayozilinda nyingine zote.